Jinsi ya kufukia moto wa mkaa ukafukuta mpaka asubuhi

Jamani huku Njombe na Makete mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya asubuhi si mchezo, kwahiyo usiku ukimaliza kupika usimwagie maji ule mkaa. Chagua vipande vikubwa vilivyokolea, mkaa wa miti ya miwati ndo mzuri zaidi maana ni mgumu hauishi haraka, visogeze pamoja katikati ya jiko alafu fukia na majivu makavu uliyochekecha, unene wa vidole vitatu hivi, na kimlango cha chini funga. Majivu yanabana hewa, moto unabaki unafukuta bila mwali, unakula mkaa pole pole. Yakiwa na unyevu moto unazima, wengi ndo wanapokosea hapo. Asubuhi pangua majivu, ongeza vipande vidogo, fungua kimlango pepea.

Ila jiko libaki nje, chumbani HAPANA hata kama mtoto anatetemeka, nawaomba sana. Mkaa unaofukuta unatoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu inayoua, haina harufu wala rangi, na ukiwa usingizini hushtuki. Mtu akiamka kichwa kinagonga, ana kizunguzungu na kichefuchefu, mtoeni nje haraka apate hewa, alafu hospitali hapo hapo.