Kutoa kutu na madoa ya maji kwenye vyuma vya nyumbani, someni hapa kabla ya kuuliza

Jamani swali ni lile lile kila wiki, panga lina kutu, kisu kina kutu, sinki ina madoa meupe, sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa. Tafuta siki nyeupe au ndimu, bekingi soda, mswaki wa zamani, kitambaa kikavu na mafuta ya kupikia.

Kwanza ujue chuma chako. Panga, jembe, kisu cha kawaida, kikaango kizito, siki ni sawa. Mabati na ndoo za bati USIWEKE siki wala ndimu, ile ngozi ya zinki ndiyo inazuia kutu na asidi inaila, ikiisha kutu inakuja mbio kuliko mwanzo.

1. Osha na sabuni, grisi yote itoke.

2. Loweka kwenye siki. Kitu kikubwa kifunge kitambaa kilicholowa siki halafu vika kavera (mfuko wa plastiki) juu isikauke. Kutu nyepesi saa moja au mbili, nzito usiku mzima, usipitishe hapo maana siki ikimaliza kutu inaanza chuma chenyewe.

3. Sugua. Ikibaki, rudia.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi yote. Chuma kikitoka kwenye siki kiko uchi, cha kijivu, ukikiacha na maji kidogo tu utaona rangi ya machungwa inaanza kurudi ukiwa umesimama hapo hapo. Kwa hiyo suuza, kisha suuza tena na maji yenye bekingi soda, kijiko kimoja kwa lita, yanaua asidi iliyobaki, maji safi tena, futa SAA HIYO HIYO, halafu pitisha juu ya sigiri (jiko la makaa) dakika chache, mpini wa mbao uwe mbali na moto. Jua peke yake halitoshi, maji yanajificha pale chuma kinapoingia kwenye mpini na ndipo kutu inaanzia. Kikiwa na joto bado paka mafuta kidogo sana, yaliyozidi futa.

Na hili nalisema kwa nguvu: siki au ndimu usichanganye na Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Inatoka gesi ya klorini, jikoni padogo inaumiza mapafu vibaya.

Madoa meupe ya maji kwenye sinki au bomba ni chokaa tu. Siki nusu, maji nusu, acha dakika kumi, suuza, kausha.

Swali: Mabati ya nyumba nayo naweza kupaka siki?
Jibu: Soma aya ya pili.

Swali: Nimefuata kila kitu na kutu imerudi kesho yake, hii njia haifanyi kazi.
Jibu: Ulikausha kwenye moto?
– Nilianika nje.
Jibu: Basi hujafuata kila kitu. Namba 4.

Swali: Sinki yangu ni stenlesi lakini ina vidoti vya kutu, si walisema haishiki kutu?
Jibu: Umeuliza vizuri ssebo. Mara nyingi si sinki inayooza, ni vipande vidogo vya waya wa kusugulia vimenasa pale na ndivyo vinashika kutu. Tengeneza uji mzito wa bekingi soda, sugua na sponji ukifuata mistari ya chuma, waya acha kabisa. Jik na chumvi zikilala pale pia zinaitoboa.

Swali: Dada, kisu cha kumenyea matoke kimekuwa cheusi, siki siioni ikisaidia sana.
Jibu: Hiyo si kutu, ni utomvu umekutana na chuma. Sugua na ndimu na chumvi, osha, kausha. Siku nyingine paka kisu mafuta kabla ya kumenya.
– Naongezea, mikono pia ipake mafuta, utomvu unatoka rahisi.

Swali: Huku Teso maji ya borehole (kisima kirefu) yanaacha rangi ya kahawia kwenye nguo nyeupe, naweka Jik inazidi.
Jibu: Ni chuma kilichomo majini au bomba zinazooza, na Jik inalifunga doa kwenye kitambaa. Weka ndimu na chumvi, anika juani, suuza vizuri. Maji yenyewe yateke jioni, yaache kwenye ndoo wazi mpaka asubuhi, ile kahawia itakaa chini, wewe chota ya juu taratibu bila kutikisa.