Soya mbichi usimpe samaki

Dagaa wakipanda bei, wafugaji wengi wa sato hukimbilia soya. Si vibaya, ila ikaange au uichemshe na kuikausha kabla ya kusaga. Soya mbichi ina kemikali ya asili inayozuia tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini ndani ya utumbo. Samaki atakula vizuri tu nawe utaridhika, kumbe sehemu kubwa ya protini uliyoilipia inatoka kama kinyesi na kuchafua maji ya bwawa. Joto huiharibu kemikali hiyo. Lakini usiiunguze: soya iliyoungua nayo haimeng'enywi vizuri, maana lisini yake, moja ya vijenzi vya protini ambayo samaki anaihitaji sana, inakuwa imeharibika.

Mashudu ya alizeti ni habari nyingine. Shida yake ni maganda. Hizo ni nyuzinyuzi, na samaki hana uwezo wa maana wa kuzivunja, kwa hiyo chekecha baada ya kusaga au tafuta mashudu ya mbegu zilizokobolewa. Ya pamba mimi ningeyaweka kidogo sana, kwa sababu yana gosipoli, ambayo ni sumu ikizidi.

Halafu kuna hili la kuchanganya chakula kimoja kwa mabwawa yote. Sato ana utumbo mrefu, mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, na anavumilia mimea. Kambale utumbo wake ni mfupi na anahitaji protini nyingi zaidi. Huyo mwachie dagaa wako au funza wa nzi waliokaushwa.