Spairometa na baridi ya Mbeya

Wenzangu mnaopima mapafu kwa spairometa (mashine ya kupima hewa anayopuliza mgonjwa) huku Nyanda za Juu, hasa Juni na Julai: kabla mgonjwa hajapuliza, angalieni mashine imewekewa joto gani la chumba. Hewa hutoka kifuani ikiwa na nyuzi 37, kisha hupoa na kusinyaa, na mashine hukokotoa fidia. Ikibaki na nyuzi 25 za Pwani huku chumba kina 12, ujazo unaweza kusomeka pungufu kwa takribani asilimia 6. FEV1 (hewa inayotoka sekunde ya kwanza) na FVC (hewa yote anayoipuliza kwa nguvu) hushuka pamoja, uwiano wake hauguswi, kwa hiyo kosa linajificha na mzima anaandikiwa mapafu yaliyosinyaa. Kama aliwahi kuugua kifua kikuu, ambacho kinaweza kusinyaza mapafu kweli, nani atashtuka?

Shinikizo la hewa nalo liwekeni sawa (Mbeya mjini ni kama milimita 620 za zebaki, si 760), ingawa athari yake ni ndogo. Namba ya kwenye simu msiiamini. Kwa kawaida imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari.

Sirinji ya lita 3 ya kuhakiki mashine ilale chumba kimoja nayo. Ikitoka stoo, iacheni kwanza ifikie joto la chumba.