Kunasa upendo kwenye sendofu bila kumpozisha mtu

Ukiwaambia watu "kumbatianeni nipige picha", mikono hukakamaa na macho yote hugeukia kamera. Kumbatio la kweli huja sekunde chache baadaye, MC akiwa ameshaita jambo lingine na mama bado hajamwachia binti yake. Hilo ndilo la kuvizia.

1. Kabla ya siku, omba ratiba kwa MC. Iulize familia nani alimlea binti anayeagwa, nani amesafiri kutoka mbali, na nani hataki kupigwa picha. Bibi aliyemlea anaweza kuwa ameketi meza ya nyuma kabisa, jua alipo. Kwenye shughuli za wanawake za Pwani, ambako mabuibui huvuliwa, anafaa mpigapicha mwanamke, na picha hazitoki bila idhini.

2. Panga kamera. Lenzi ya milimita 85 kwa kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kipande cha ndani kinachonasa mwanga), au 50 kwa sensa ndogo, itakuweka umbali wa mita 3 hadi 4, nje ya faragha yao. Usikimbilie f/1.8, yaani kulifungua sana tundu la lenzi. Kwa lenzi ya 85 ukiwa mita 3, sehemu inayotoka kali, mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 13 tu: uso wa mama unatoka vizuri, wa binti unaingia ukungu. Kwa f/2.8, tundu likiwa dogo kidogo, unapata kama 20, na nyuso mbili zilizogusana hutosha humo.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ndiyo huharibu picha nyingi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500 ya sekunde unaweza kupata michirizi ya giza juu ya nyuso. Anza na 1/100, maana watu waliokumbatiana hawasogei sana. Wakianza kucheza, panda hadi 1/250, piga ya majaribio, ikuze uikague kama ina michirizi. Shata ya kielektroniki izime: haina kelele, ila michirizi yake ni mibaya zaidi. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache otomatiki, kikomo 6400. Ikipanda huleta chembechembe, lakini hizo zinavumilika, mtikiso hapana.

Flashi ya usoni huwashtua. Ukiielekeza darini, hakikisha dari ni jeupe. Likiwa limepambwa kwa vitambaa vya zambarau, ngozi zitageuka zambarau.

3. Chagua upande. Wawili wakikumbatiana, uso mmoja tu huonekana, ule ulioegemea begani. Zunguka mapema umpate mzazi. Mikono mgongoni isikatwe viganja: mara nyingi vidole vilivyokaza ndivyo vinavyosema zaidi ya uso.

4. Baki na jicho kwenye kamera. Wakati wa kulishana keki kila mtu hupiga tonge linapoingia mdomoni, kisha hushusha simu. Wewe subiri anayefutwa krimu mdomoni. Piga fremu 3 au 4, tulia, piga tena. Usiangalie picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kwani wakati huo huo ndipo shangazi anapomrekebishia binti kitambaa. Mkubaliane na mtu wa video asikatize mbele yako, naye usimzibe.

5. Taa za rangi zikimwagika usoni, subiri zipite. Kama tayari umepiga picha nzuri yenye rangi hizo, igeuze nyeusi na nyeupe.

Picha ya mtu anayelia mwonyeshe mwenyewe kwanza, peke yake, kabla ya kuituma kwenye grupu la familia. Akisema hapana, ifute.