Jinsi ya kuanza kutembea kwenye mabwawa ya Derwent na nyika ya juu ya Peak District

Hii naiandika kwa ndugu zangu mlioko Sheffield, Manchester, Derby, Nottingham, Leicester na miji ya jirani, maana kila nikipeleka watu kule juu Peak District, hifadhi ya taifa iliyo jirani yetu, nasikia maneno yale yale, kwamba nimekaa Uingereza miaka yote hii na sijawahi kufika, nilidhani ni mambo ya wazungu, nilidhani lazima ulipe kiingilio na uchukue mwongozaji kama Kilimanjaro. Hapana jamani. Hakuna geti wala tiketi, unalipia paking tu kama umekuja na gari. Na yale mabwawa matatu, Howden, Derwent na Ladybower, yalijengwa hasa kwa ajili ya kupeleka maji Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester, kwa hiyo wengi wenu mmeshayanywa maji yake hata kabla ya kuyaona.

Mimi nina utaratibu mmoja ninaowafundisha wageni wote: kwanza maji, halafu ukingo, halafu nyika. Yaani mwanzo unatembea bwawa likiwa pembeni yako, na huwezi kupotea kwa sababu maji unayaona. Ukishazoea unapanda kwenye ukingo wa miamba ambako maji bado unayaona chini. Ukishakuwa na uzoefu na ramani ndio unaingia nyikani kwenyewe ambako huoni chochote zaidi ya majani na mawingu. Wanaoruka hatua ndio hao wanaokuja kutafutwa usiku.

Hatua ya 1: chagua siku, usichague tarehe

Watu wanapanga mwezi mzima kabla, Jumamosi fulani, na siku ikifika wanaenda hata kama mvua inanyesha kiubavu. Panga wikendi mbili, ya kwanza na ya akiba. Juzi yake angalia utabiri wa milimani wa Met Office, wana ukurasa wa Peak District peke yake, usiangalie ule wa mjini kwenye simu, maana mjini kunaweza kuwa kumetulia kabisa na kule juu upepo unakusukuma. Angalia upepo na ukungu kuliko joto. Halafu hesabu mwanga: Desemba giza linaingia kama saa kumi jioni, Juni unaweza kutembea mpaka saa tatu usiku na bado unaona njia.

Hatua ya 2: nguo

Acha jinzi nyumbani. Jinzi na fulana za pamba zikilowa hazikauki, zinanyonya joto lako lote na upepo unamaliza kazi. Vaa suruali nyepesi ya mazoezi, fulana ya mazoezi, sweta la manyoya mepesi, na juu yake reinikoti ya kweli, sio ile ya kuzuia manyunyu. Kofia na glavu zikae kwenye begi hata Julai. Viatu, kwa kutembea kando ya bwawa raba zenye meno zinatosha, lakini kwa kupanda juu tafuta buti zinazoshika kifundo cha mguu. Sio lazima ununue za bei kali, maduka ya mitumba ya hisani kule yana buti nzuri tu, zijaribu na soksi nene.

Chakula beba kingi kuliko unavyofikiri. Sisi tunabeba chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na chai ya tangawizi kwenye thamosi, na nakwambia ukiwa umekaa kwenye jiwe na upepo ule, kikombe kile cha chai kina maana yake. Na tochi ya kichwani. Usiseme utatumia simu, simu ndio ramani yako na ndio msaada wako, chaji yake iheshimu, beba na pawabenki.

Hatua ya 3: matembezi ya kwanza, maji yawe pembeni yako

Kuna njia mbili za kuanza. Kama huna gari, panda treni ya Sheffield kwenda Manchester ile inayosimama vituo vidogo, shuka Bamford. Karibu na kijiji unaingia njia inayoitwa Thornhill Trail, iko tambarare kabisa kwa sababu ilikuwa reli ya kubebea mawe ya kujengea mabwawa ya juu, na inakuleta mpaka chini ya ukuta wa Ladybower. Hapo pita pole pole uone yale mashimo mawili makubwa ya mviringo ya kumwagia maji ya ziada, kila moja lina upana wa kama mita 24, na mvua ikiwa imenyesha sana maji yanazama mle ndani kwa kishindo. Watoto hawataki kuondoka.

Kama una gari nenda moja kwa moja Fairholmes, kuna vyoo, kuna sehemu ya kununua chai na chakula, na fika mapema maana saa nne asubuhi wikendi ya jua paking imeshajaa. Kutoka hapo ni dakika chache tu uko chini ya ukuta wa Derwent, wa mawe, una minara miwili, na maji yakiwa yamejaa yanamwagika juu ya ukuta mzima. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza walifanyia mazoezi juu ya bwawa hili kabla ya kwenda kupiga mabwawa ya Ujerumani.

Panda upande wa mashariki, fuata njia ya udongo kuelekea kaskazini, maji yako mkono wa kushoto. Unapita ukuta wa Howden, uliokamilika 1912, unaendelea mpaka mahali panaitwa Slippery Stones ambapo kuna kidaraja cha mawe cha zamani. Kidaraja hiki kilikuwa kwenye kijiji cha Derwent. Kijiji hicho pamoja na jirani yake Ashopton vilizamishwa Ladybower ilipojazwa, lakini kidaraja kilibomolewa jiwe kwa jiwe kabla ya hapo, na mwaka 1959 kikajengwa upya hapa. Ukivuka unageuka na kurudi upande wa magharibi, maji tena kushoto, njia ya lami mpaka Fairholmes. Mzunguko wote ni kama kilomita 16, kwa mtu wa kawaida na mapumziko ni saa tano hivi. Njiani utaona mabaki ya Birchinlee, kijiji cha mabati walikoishi wajenzi na familia zao, walikuwa na shule na hospitali humo humo. Mimi huwa nasimamisha kikundi hapo, kwa sababu tunasifia kuta na tunasahau waliozijenga.

Ukiona 16 ni nyingi tembea mpaka ukuta wa Howden urudi ulikopita, hakuna anayekuhukumu.

Hatua ya 4: maji usiingie

Hili nalisema kwa sauti kila mara, hasa kwa vijana. Kuogelea hakuruhusiwi na kuna sababu. Hata siku ya joto kali maji haya chini ni ya baridi mno, ukijirusha baridi inakukata pumzi, unavuta maji badala ya hewa, na anayejua kuogelea anazama kama asiyejua. Kuna mabomba na mikondo chini usiyoiona. Na kipindi cha ukame, kama mwaka 2018 na 2022, maji yalishuka magofu ya kijiji cha Derwent yakaonekana na watu wakamiminika kuyatazama. Tazama ukiwa ukingoni, lile tope linaonekana limekauka juu lakini ndani linameza mguu.

Hatua ya 5: panda ukingoni

Ukishamaliza mzunguko wa maji mara kadhaa, nenda Derwent Edge. Unapanda kutoka upande wa mashariki wa Ladybower mpaka Whinstone Lee Tor, mpando unauma lakini ni mfupi, kisha unafuata ukingo kuelekea kaskazini. Utapita miamba iliyochongwa na upepo na barafu, Wheel Stones, halafu Salt Cellar, mpaka Back Tor mita 538. Sehemu nyingi wametandika mawe bapa ili watu wasikanyage mboji, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza, tembea juu ya hayo mawe hata kama kuna dimbwi, maana mboji ikishavunjwa na viatu mvua inaibeba yote na kujirudia kwake ni miaka mingi sana.

Waliopanda Kilimanjaro wataitambua nchi hii, ni ndugu wa ule ukanda unaoufikia ukishatoka msituni, vichaka vifupi vigumu, ukungu unaotokea ghafla. Tofauti ni kwamba huku Agosti vyote vinachanua zambarau. Nenda Agosti, tafadhali.

Usiwashe moto wala usibebe jiko la nyama choma, hata lile dogo la kutupa. Mboji ikikauka inaungua chini kwa chini kwa siku nyingi. Moto wa Saddleworth mwaka 2018, kaskazini magharibi ya hapa, ulihitaji mpaka wanajeshi. Mbwa mfunge kamba, na kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 31 Julai ni sheria kwenye nyika za wazi, ndege wanataga chini.

Hatua ya 6: nyika yenyewe

Kule ndani, Bleaklow na Howden Moors, usiende bila ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, ile namba OL1, na dira, na usiende bila kujua kuvitumia. Jifunzie kule kando ya bwawa ambako ukikosea hupotei. Mwaka 1953 mchunga kondoo mzoefu, Joseph Tagg, mzee wa zaidi ya miaka 80, alikwenda Howden Moors na mbwa wake Tip hakurudi, mwili ulipatikana baada ya wiki 15 na mbwa alikuwa bado yuko pembeni yake. Jiwe la kumbukumbu ya Tip liko karibu na ukuta wa Derwent. Na yule nyika ile alikuwa anaijua.

Haki ya kutembea huko ilipiganiwa pia, vijana wa viwandani walipanda Kinder Scout, mlima wa hapa hapa Peak District, bila ruhusa tarehe 24 Aprili 1932 na watano wakafungwa, kwa hiyo usijisikie mgeni, njia ni yako.

Hatua ya 7: mambo yakiharibika

Piga 999, omba polisi, halafu waambie unahitaji mountain rescue, ukiomba ambulensi tu unapoteza muda. Netiweki ni shida mabondeni, kwa hiyo leo ukiwa nyumbani tuma neno register kwenda 999 ili siku hiyo uweze kuomba msaada kwa meseji. Filimbi ni mipulizo sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Mwachie mtu wa nyumbani njia unayopita na saa ya kurudi.

Ukifika nyumbani kagua kupe, nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, watoto hadi kwenye nywele. Mtoe kwa kibanio karibu na ngozi, vuta taratibu bila kumminya. Wiki zinazofuata ukiona wekundu unaopanuka kwenye ngozi au homa isiyoeleweka, nenda kwa daktari wako (GP) umwambie ulikuwa milimani.