Jinsi ya Kuwapima Mabingwa wa Ngumi wa Enzi Tofauti

Mabishano kuhusu bondia aliye bora kuliko wote huanzia kwenye rekodi na mara nyingi huishia papo hapo, ingawa idadi ya ushindi haina maana kubwa mpaka ijulikane nani alipigwa na akiwa katika hali gani. Anza, basi, kwa kuandika majina ya wapinzani watano au sita wakali zaidi wa bingwa unayempima, kisha uangalie kila mmoja alikuwa amefikia wapi walipokutana. Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, lakini Joe Louis, ambaye Marciano alimwangusha mwaka 1951, alikuwa na umri wa miaka 37 na nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Ushindi wa Muhammad Ali dhidi ya George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 1974, ni wa daraja jingine, kwa sababu Foreman alikuwa na miaka 25, hajawahi kushindwa, na alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi ya pili.

Baada ya wapinzani, zirejee kanuni za wakati wake. Kwa miongo mingi pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufariki kutokana na majeraha ya pambano lake na Ray Mancini, Novemba 1982, WBC, moja ya mashirikisho yanayosimamia ubingwa wa ngumi, ilipunguza raundi hadi 12, na mashirikisho mengine yakafuata miaka ya baadaye. Tofauti ya raundi hizo tatu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sugar Ray Leonard alikuwa nyuma kwa pointi za majaji wote watatu alipomsimamisha Thomas Hearns katika raundi ya 14, Septemba 1981. Kwa kanuni za leo, Hearns angeondoka na ushindi. Marciano naye, ili tumtendee haki, alitwaa taji mwaka 1952 kwa kumwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13 huku akiwa nyuma kwa pointi. Bondia wa leo anaweza kuwa na pumzi kama hiyo, ila hana mahali pa kuionyesha.

Mikanda ya ubingwa nayo ihesabiwe kwa tahadhari. Mwaka 1938 Henry Armstrong alishikilia kwa pamoja mataji ya uzito wa unyoya, uzito mwepesi na uzito wa welta, wakati ambapo uzito uliotambuliwa kwa kawaida ulikuwa wa aina nane tu. Leo zipo angalau 17, na mashirikisho makubwa manne yanayotoa mikanda. Simaanishi kwamba Manny Pacquiao, aliyetwaa mataji katika uzito wa aina nane, ashushwe, kwani kupanda kutoka uzito wa inzi mwaka 1998 hadi juu ya welta mwaka 2010 ni kazi nzito kwa kipimo chochote.

Jambo linalosahaulika zaidi ni watu ambao bingwa hakukutana nao. Jack Dempsey alishika taji la uzito wa juu tangu 1919 hadi 1926 bila kumpa nafasi Harry Wills, mpinzani Mweusi aliyestahili kuliko wengi, na ubaguzi wa rangi ulichangia sana. Kwa hilo mimi humpunguzia Dempsey, hata kama uamuzi haukuwa wake peke yake. Kinyume chake, Ezzard Charles alimshinda Archie Moore mara tatu bila kupewa pambano la ubingwa wa uzito wa juu mwepesi, kwa hiyo orodha ya mabingwa wa uzito huo haimtaji kabisa.

Mwisho, soma bingwa unayempima alivyoshindwa. Sugar Ray Robinson alipoteza kwa Jake LaMotta tarehe 5 Februari 1943, akarudiana naye na kumshinda tarehe 26 ya mwezi huohuo; katika mapambano yao sita, Robinson alishinda matano. Rekodi isiyo na doa haiwezi kukuonyesha kitu cha namna hiyo.