Somo: Makro ya kuhamisha kilo za wakulima kwenda faili kuu

Msimu wa kahawa, karani wa chama cha msingi hapa Moshi hupokea mafaili ya mizani kutoka vituoni, kisha jioni anakaa kunakili na kubandika. Macho yakichoka mstari unarukwa, na mstari huo ni malipo ya mtu. Kazi hii iachiwe makro, yaani maagizo unayoyaandika mara moja ndani ya Excel, nayo Excel inayatekeleza yenyewe.

1. Hifadhi faili kuu kwa aina ya .xlsm, likibaki .xlsx makro itapotea. Liwe na shiti iitwayo Jumla yenye vichwa mstari wa kwanza: namba ya mwanachama, stakabadhi, kilo, malipo. Mizani.xlsx, yenye mpangilio huohuo, ikae folda moja nalo.

2. Bonyeza Alt+F11, kisha Insert, Module, uandike:

Sub Hamisha()
Dim k As Workbook, j As Worksheet, n As Long, m As Long
Set j = ThisWorkbook.Worksheets("Jumla")
Set k = Workbooks.Open(ThisWorkbook.Path & "\Mizani.xlsx", ReadOnly:=True)
With k.Worksheets(1)
n = .Cells(.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
m = j.Cells(j.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
If n > 1 Then j.Cells(m, 1).Resize(n - 1, 4).Value = .Range("A2:D" & n).Value
End With
k.Close SaveChanges:=False
End Sub

3. Alt+F8, chagua Hamisha, Run.

Tazama .Value pande zote mbili: zinahama thamani peke yake, bila fomula. Ungetumia Copy, fomula ya malipo inayosoma bei kwenye shiti nyingine ya kituo ingekuja ikiendelea kulitegemea faili la kituo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanachama 0045 anafika kama 45.
Jibu: Marahaba. Kama kituoni imeandikwa kama maandishi, ipe safu A ya Jumla fomati ya Text kwanza, ndipo uhamishe.

Swali: Nimeendesha mara mbili, kilo zimejirudia, Ctrl+Z haifanyi kitu!
Jibu: Ctrl+Z hairudishi kazi ya makro. Funga bila kuhifadhi, ufungue upya. Kama ulishahifadhi, nenda Data, Remove Duplicates, uweke tiki kwenye stakabadhi peke yake. Usitumie mwanachama na kilo: mkulima anaweza kuleta kilo 30 za kahawa ya maganda leo na 30 nyingine kesho, ukamfutia haki yake.

Swali: Faili kuu nimetumiwa kwa barua pepe, makro zimezuiwa.
Jibu: Lifunge, bofya kulia jina lake, Properties, tiki Unblock. Ila mpigie kwanza aliyelituma uhakikishe ni lake.